KENCHI ZA MBAO: MANENO YA NESI KABLA HUJAPAUA

Wale mliozoea mfululizo wetu wa presha na sukari, leo naomba mnivumilie, tunapanda juu ya paa kidogo. Tangu niweke picha ya kijumba changu kikiwa kimepauliwa, inboksi imejaa. "Sista, umetumia mbao au chuma?" "Mbona mbao zako za kijani?" "Nipe namba ya fundi." Nikaona nikijibu mmoja mmoja nitakesha, na usiku nina zamu. Kwa hiyo naandika hapa, sehemu tano. Soma taratibu, si lazima umalize leo.

Niseme mapema kwamba mimi si injinia. Nina diploma ya uuguzi na mshahara unaoujua. Lakini nimepaua nyumba ya vyumba vitatu hapa Morogoro, na kila nilipokuwa off nilikuwa saiti, nimesimama, nauliza maswali mpaka mafundi wakanichoka. Halafu kuna upande mmoja wa paa ambao mimi nauona na fundi hauoni: watu wanaoumizwa na paa wanaletwa kwetu wodini.

Mbao nazipenda. Zinapatikana, fundi yeyote anazijua, zikiharibika unabadilisha kipande. Hela unaweza kubana sehemu nyingi kwenye ujenzi. Rangi itasubiri, jipsamu itasubiri, tailizi zitasubiri. Kwenye kenchi kuna mambo machache ukibana, kuna mtu atalipia kwa mwili wake. Ndiyo hayo nataka kuyasema.

SEHEMU YA 1: ILE MBAO YA CHINI USIIGUSE

Kenchi ni pembetatu. Mbao mbili zinateremka kulia na kushoto, moja imelala chini kutoka ukuta hadi ukuta, na katikati kuna mbao fupi fupi zinazogawa pembetatu kubwa kuwa pembetatu ndogo. Kwa nini pembetatu? Chukua vijiti vinne, vipigilie msumari mmoja mmoja kwenye kona, kisha sukuma. Vitalala upande. Chukua vitatu ufanye hivyo hivyo. Haviendi popote. Nguvu yote ya kenchi iko hapo.

Sasa sikiliza habari ya ile mbao ya chini. Watu wengi wanadhani kazi yake ni kushikilia dari tu. Simama kwenye tailizi iliyolowa, tanua miguu, halafu mtu akuegemee mabegani. Miguu itateleza, itazidi kutanuka mpaka uanguke. Sasa funga khanga kutoka kifundo cha mguu huu hadi cha mguu ule. Umetulia. Mbao ya chini ndiyo hiyo khanga. Bati, upepo na uzito wa mbao zenyewe vinasukuma miteremko itanuke, na ile ya chini inaivuta irudi. Ukiikata, kinachoanza kusukumwa ni ukuta wako.

Nasema hivi kwa sababu fundi wangu alitaka kuikata. Sebuleni nilitaka dari liwe juu kidogo, akaniambia, "Sista, hapa tunakata hizi tatu tu, tunapandisha mbao juu, sebule inakuwa kama ya hoteli." Nikamuuliza, ukuta utashikwa na nini? Akacheka. "Mimi nina miaka ishirini napaua, sista. Wewe si unachoma sindano?" Nikamwambia ndiyo, nachoma, na hata sindano sichomi bila kuandikiwa na daktari. Nani ameandika tukate?

Akanuna siku nzima. Mimi nikampelekea kijana mmoja mchoraji ile picha, akasema ukitaka dari la juu inachorwa kenchi ya aina nyingine tangu mwanzo, yenye mbao nene na viungo vyake, siyo kukata zilizokwisha kusimama. Hela ya kuanza upya sikuwa nayo. Sebule yangu ina dari la kawaida kama la jirani, na usiku upepo ukipiga nalala.

Kwa hiyo wewe unayejenga: kabla ya kununua hata mbao moja, pata mchoro wa kenchi. Upana wa nyumba, aina ya bati na upepo wa eneo lako ndivyo vinaamua ukubwa wa mbao na umbali kati ya kenchi na kenchi. Vigae vya udongo ni vizito kuliko bati mara nyingi sana, kwa hiyo usichukue kenchi ya bati ukapandisha vigae kwa kuwa umeviona kwa shemeji yako vimependeza. Na tanki la maji usiliweke juu ya kenchi. Lita 1,000 ni kilo 1,000, tani nzima inayokaa juu ya kichwa cha mtoto aliyelala. Lijengee mnara wake nje.

SEHEMU YA 2: KUNUNUA MBAO BILA KUPIGWA

Huku kwetu mbao nyingi za kupaulia ni paini, na nyingi zinatoka nyanda za juu, Mafinga na Njombe. Shamba la miti la Sao Hill pale Mufindi ndilo kubwa kuliko mashamba yote ya miti ya serikali, na malori yake tunayaona yakipita Iringa na Mikumi kushuka huku. Mbao nyingi zinauzwa zikiwa na futi 12, yaani kama mita 3.66.

Piga hesabu na mimi ili usiambiwe tu idadi. Chukua nyumba ya mita 12 kwa 9, paa la miteremko miwili. Ukiweka kenchi kila baada ya mita 1.2, una nafasi 10, kwa hiyo kenchi 11 (watu wanasahau ile ya mwisho). Kila kenchi, mbao ya chini ya mita 9 inakula futi 12 tatu. Mteremko wa nyuzi 20, ukiongeza sentimita 60 za kutokeza nje ya ukuta, kila upande ni kama mita 5.4, kwa hiyo pande zote mbili zinakula tatu nyingine. Hizo ni sita kwa kenchi moja, 66 kwa nyumba nzima, na bado hujagusa mbao za katikati, vibao vya kuungia, mtambaa panya wala papi. Fundi akikuletea hesabu, mwombe akuoneshe hivi hivi, kenchi moja kwanza. Anayejua kazi hakasiriki.

Kwenye duka la mbao angalia haya:

Ukavu. Mbao mbichi ni nzito, ukiishika ina ubaridi wa maji. Ikikaukia juu ya paa inasinyaa, inajipinda, misumari inalegea. Ukinunua mbichi, zipange saiti kivulini, juu ya matofali, ukiweka vijiti kati ya safu na safu ili hewa ipite. Zipe wiki kadhaa. Mimi nilisubiri, na kila aliyepita alinicheka kwamba hela imeisha. Ilikuwa imeisha kweli, lakini mbao nazo zilikuwa zinakauka.

Umri. Angalia kichwa cha mbao pale ilipokatwa. Pete za mti zikiwa zimeachana sana, mti ulikua haraka na ukavunwa ukiwa bado mdogo. Nyepesi, laini, inavunjika upesi. Chagua yenye pete zilizobanana.

Vifundo. Yale macho ya matawi. Madogo na machache hayana shida. Jicho kubwa linalofika ukingoni, au lililolegea kiasi cha kutikisika ukiligusa, hapo ndipo mbao itakatikia. Usiipeleke kwenye mbao ya chini wala kwenye mteremko. Ikate upate vipande vifupi.

Dawa. Mchwa wetu mnaujua. Paini isiyo na dawa ni chakula chao. Mbao iliyotiwa dawa kwa mtambo wa shinikizo inakuwa kijani na dawa imezama ndani, ila ile iliyochovywa au kupakwa tu ni kijani nje na ndani nyeupe kama muhogo. Mwombe muuzaji akate mbao moja katikati uone. Asikuoneshe ncha, kwa sababu ncha zinakunywa dawa zaidi. Na popote fundi anapokata, pale palipokatwa papakwe dawa tena, la sivyo umemfungulia mchwa mlango.

SEHEMU YA 3: PAA LINAVUTWA JUU

Tukifikiria paa kuanguka tunafikiria kwenda chini. Lakini upepo mkali unalivuta paa juu, na ukiingia kupitia dirisha au chini ya uchaga wa nje unalisukuma pia kutoka ndani. Bati ni jepesi. Likiwa limeshikwa na misumari miwili mitatu kwenye mbao, na mbao haijashikwa na ukuta, paa zima linaondoka kama kifuniko cha sufuria. Kimbunga Hidaya cha Mei 2024 kilipokuja ukanda wa Mafia, Lindi na Mtwara, wengi tulikuwa tunaangalia simu huku tunatazama juu. Lakini si lazima kiwe kimbunga chenye jina. Upepo wa mvua za kwanza tu unaezua madarasa kila mwaka.

Sisi wodini bati lililong'oka tunalijua kwa jina lingine: panga. Linakata misuli, linakata mishipa ya mkono. Anayeumizwa mara nyingi si hata mwenye nyumba, ni mpita njia.

Dawa yake ni rahisi na inaanza mapema, wakati wa kumwaga zege la mkanda wa juu wa ukuta. Mwambie fundi aache vipande vya nondo nyembamba vikichomoza juu kwenye kila sehemu ambayo kenchi itakaa. Mtambaa panya ukilala pale, nondo zinakunjwa juu yake na kubana. Kisha kila kenchi inafungwa kwenye mtambaa panya kwa mkanda wa chuma, siyo msumari mmoja wa kuegesha. Papi nazo zifungwe kwenye kenchi, na bati kwenye papi. Mnyororo, unaona? Bati mpaka msingi. Kikikatika kimoja, vyote havina maana.

Na kenchi zenyewe zishikane. Zikiwa zimesimama kumi na moja kama watu kwenye foleni, upepo wa ubavuni unaweza kuzilaza zote upande mmoja. Zinahitaji mbao za mshazari zinazokatiza kutoka kenchi hadi kenchi. Fundi wengi wanaziweka za muda, wakimaliza kupigilia papi wanazing'oa wakatumie kwingine. Mwambie ziache. Vipande vinne vya mbao havitakufilisi.

SEHEMU YA 4: VILE VIPANDE VYA KIJANI SI KUNI

Sasa hapa ndipo nilipotaka kufika, na kama utasoma sehemu moja tu, soma hii.

Siku tunakata kenchi, mabaki yalijaa uwanja mzima. Vipande vikavu, vizuri, saizi ya jiko. Bibi jirani yangu, mtu aliyenipa maji tangu tunachimba msingi, akaja na kapu lake. "Mwanangu, naokota hivi vya kuchemshia maharage." Nikamwambia, "Shikamoo bibi. Hivi naomba usichukue." Akanyamaza. Nyie mnajua kijijini na uswahilini kwetu kumnyima mzee kuni ni kitu gani. Mafundi wakaacha kupigilia misumari, wananitazama huyu sista mchoyo.

Ikabidi nimkalishe kwenye ndoo nimweleze. Dawa ya kijani inayotumika sana kwenye mbao ina vitu vitatu: shaba, kromiamu na aseniki. Aseniki ni sumu. Ikiwa ndani ya mbao juu ya paa lako, imekaa, haikusumbui. Ukiichoma, nyingine inaondoka na moshi na nyingine inabaki kwenye jivu. Moto hauiui, kwa sababu haina uhai. Si kama vidudu vya kwenye maji kwamba ukichemsha vinakufa.

Sasa fikiria jikoni kwetu. Moshi anauvuta mama na mtoto aliye mgongoni. Jivu tunasugulia sufuria. Jivu tunamwaga kwenye mchicha. Kuku wanaoga kwenye jivu. Mtu akipata aseniki nyingi kwa mara moja anatapika, anaharisha, tumbo linamkata, na ukimuona utadhani kipindupindu. Akiipata kidogo kidogo kwa miaka, ngozi inabadilika rangi, viganja na nyayo vinaota vigamba, na inaongeza hatari ya saratani ya ngozi, mapafu na kibofu. Marekani viwanda viliacha kuitumia dawa hii kwenye mbao za majumbani mwishoni mwa mwaka 2003. Sisi bado tunapaulia, na sisemi usipaulie. Nasema usipikie.

Bibi akaniuliza swali moja tu: "Na wale wa kule bondeni wanaookota kila siku?" Sikuwa na jibu la kumpa. Nilimnunulia gunia la mkaa, akaenda, na jioni akaniletea maharage. Lakini swali lake ndilo limenifanya niandike mfululizo huu wote, kwa hiyo naomba umfikishie mtu mmoja wa bondeni unayemjua.

Kanuni ni hizi. Vipande vya kijani usichome kabisa, hata takataka. Usivifanye kibao cha kukatia nyama, mwiko, wala kihori cha kulishia mifugo. Vinafaa vigingi vya uzio au vibao vya kushikia zege. Machujo ya msumeno fagia, usimwage kwenye bustani wala kwenye banda la kuku. Anayekata afunge pua na mdomo kwa barakoa, anawe mikono kwa sabuni kabla hajashika ugali, na nguo za kazi zifuliwe peke yake, mbali na nepi za mtoto. Na mamantilie anayepikia mafundi saiti, mnunulie mkaa. Usimwachie aokote.

SEHEMU YA 5: WALE WALIOKO JUU

Shirika la Afya Duniani linahesabu kuanguka kama sababu ya pili ya vifo vya ajali duniani, baada ya ajali za barabarani. Mimi sihitaji takwimu, nimewageuza kitandani. Kijana wa miaka ishirini na kitu, saidia fundi, amekanyaga papi ambayo haijapigiliwa. Uti wa mgongo umepata. Kuanzia hapo kila saa mbili, usiku na mchana, lazima ageuzwe asipate vidonda. Mpira wa mkojo. Mama yake ameacha genge lake, amehamia hospitali. Na mwenye nyumba hapokei simu.

Nikawaambia mafundi wangu mambo matatu kabla hawajapanda. Kenchi zinaunganishwa chini, ardhini, zinapandishwa zikiwa tayari, ili muda wa kukaa juu upungue. Kila aliye juu anajifunga kamba kiunoni na mabegani, na kamba inafungwa kwenye kitu kisichong'oka. Mvua ikinyesha, au mtu akinusa pombe, kazi imeisha kwa siku hiyo na posho nalipa nusu. Yule fundi wangu akaguna, "Sista unatupotezea muda." Kamba nilinunua mwenyewe. Yule kijana wake mdogo ndiye alikuwa wa kwanza kuivaa. Wakubwa walifuata siku ya pili.

Mtu akianguka, tafadhali nisikilize. Usimwinue kwa kumshika mikono na miguu. Usimkalishe. Usimpakie kwenye bodaboda katikati ya watu wawili, kwa sababu mfupa uliovunjika unaweza kukata uti wa mgongo ambao ulikuwa bado mzima. Mwache alale alivyo, mmoja ashike kichwa chake kisigeuke, muulize kama anahisi vidole vya miguu. Kama anatoka damu, kandamiza kwa kitambaa safi. Kama msumari au mbao imemchoma na kubaki mwilini, usiichomoe, tutaitoa sisi. Wa kumhamisha wawe wanne au watano, wamgeuze kwa pamoja kama gogo, kichwa, kiwiliwili na miguu vikiwa mstari mmoja, wamweke juu ya mlango au ubao mpana. Mbao ziko pale saiti, hazikosekani. Kisha gari, pickup hata, polepole.

Basi nimemaliza. Kama uko hatua ya linta, bado una muda wa kuacha nondo zichomoze. Kama umeshapaua, kesho panda kwenye dari na tochi uone kama mbao za mshazari zipo na kama kuna iliyokatwa. Kama una kuni za kijani jikoni, zitoe leo.

Maswali weka hapo chini, nikitoka zamu asubuhi nitajibu. Ya bei siyajibu, bei ya mbao inabadilika kila wiki, ulizia mjini kwako. Jumatano tunarudi kwenye presha ya wajawazito. Usiku mwema.